Dayodi Nane Ndani ya Bati la Biskuti

Manka mwanangu,

Mama yako ameshakuambia yote kuhusu koti, viatu vya theluji, kula asubuhi na kutolala umekumbatia simu, kwa hiyo hapo mimi sina la kuongeza. Nakuandikia kuhusu lile bati la biskuti. Kesho saa nne asubuhi unapanda basi kwenda Sudbury kusomea usafi wa meno, na kuna jambo nimekuficha kuhusu bati hilo kwa miezi saba. Siwezi kukuacha uondoke bila kulijua, kwa sababu naamini ndilo linalokupeleka Sudbury.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Najua utasoma polepole, na pengine utamwita mama yako akusaidie neno moja au mawili. Lakini Kiingereza changu ni cha kuzungumza na wasimamizi wa majengo kuhusu mashine za kufulia ninazowatengenezea, na nimekizoea kiasi kwamba naweza kujificha ndani yake. Nikisema "sorry about that" nimemaliza, mtu anatikisa kichwa na tunaendelea na mengine. Hapa sitaki kumaliza upesi hivyo.

Sasa hivi ni Jumamosi mchana. Wewe uko mtaa wa Agincourt, mnaagana na wenzako. Mama yako yuko kazini kwa wazee anaowatunza mpaka saa kumi na moja. Mimi nipo kwenye meza ya jikoni, bati liko mbele yangu, kifuniko kimefunguliwa, na bisibisi iko pembeni kana kwamba barua nayo ni kitu cha kutengeneza.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilikuwa fundi redio Moshi. Nadhani hujui kazi ile ilikuwa nini hasa. Watu hawakuja kwangu na redio zilizokufa tu. Wengi walikuja na redio inayokwaruza. Msomaji wa habari anaongea kama ana mchanga mdomoni, kwaya inaimba kama iko ndani ya pipa. Kazi yangu ilikuwa kuutafuta mkwaruzo huo na kuung'oa. Nilikuwa mzuri, sitakudanganya. Nilikuwa naweka sikio karibu na spika, nafumba macho, na kabla sijafungua mfuniko nakwambia ugonjwa uko wapi. Watu walinisifu, na sifa zile zilinikaa kichwani kuliko nilivyofikiri.

Kisa cha Bwana Festo unakijua, nimekisimulia mezani mpaka mama yako anahama chumba. Yule mpiga gitaa wa bendi aliyeniletea amplifaya yake kwa sababu waya wa umeme ulikuwa umelegea. Nikaifungua, nikakuta karatasi ya spika imepasuka na kuzibwa kwa gundi. Nikamhurumia. Nikabadilisha spika nzima, nikaweka mpya, wala sikumwambia, nilitaka iwe zawadi. Akaja, akachomeka gitaa, akapiga mara mbili tatu, akaacha. Akaniambia, "Fundi, umeniulia gitaa." Akaomba spika yake ya zamani, na mimi nilikuwa nimeshaitupa na takataka za wiki.

Nilikisimulia kisa kile miaka mingi kama kichekesho cha mtu asiyejua kizuri. Wageni wanacheka, nami nacheka kuwazidi. Wewe ulikuwa na miaka kumi hivi siku moja uliponikatiza katikati ya kicheko. Ukaniuliza, "But what did it sound like?" Ulitaka kujua ile spika iliyopasuka ilikuwa inalia vipi. Spika ile sikuwahi kuisikiliza hata kidogo, niliuona mpasuko tu. Nikakwambia kula wali wako.

Basi Januari hii ukaja na ombi lako. Ulikuwa umepeleka maombi kwenye chuo cha kurekodi sauti hapa mjini, na ulitaka kuwa na kifaa chako mwenyewe cha kuwaonyesha. Ulikaa hapa nilipokaa mimi sasa, ukaniambia, "Baba, nataka box ya kuchafua sauti. Kidogo tu. Ile saturation, lakini passive, isiwe hata na betri." Nikamwuliza mama yako neno hilo kwa Kiswahili ni nini, akasema labda ni kushiba. Tukacheka, na kuanzia siku hiyo tukakiita kisanduku cha kushibisha. Moyoni, Manka, nilikuwa nimekwazika. Mtoto wa fundi redio anamwomba baba yake amtengenezee mkwaruzo.

Lakini udadisi nao ulinishika, lazima nikiri. Wiki mbili zile tulizochora michoro nyuma ya bahasha zilikuwa tamu kwangu kuliko wiki yoyote tangu tuingie nchi hii. Uliniuliza maswali ambayo hakuna mtu amewahi kuniuliza. Kitu kisicho na betri kinabadilishaje sauti? Nikakueleza kwamba sauti ikitoka kwenye kile chombo chako chekundu cha kurekodia inatembea kwenye waya kama umeme mdogo unaopanda na kushuka. Inapita kwenye rezista inayoibana kidogo, inafika njia panda. Upande mmoja inaendelea na safari yake. Upande mwingine kuna dayodi, ambayo ni kama mlango uliofungwa mpaka usukumwe kwa nguvu ya kiasi fulani. Wimbi dogo halifungui mlango, linapita zake salama. Wimbi kubwa linaufungua, na kile kilele chake kinamwagikia ardhini. Kwa hiyo mawimbi makubwa yanatoka yamenyolewa utosi.

Ukaniuliza, kama kazi yake ni kunyoa tu, mbona watu wanasema sauti inaongezeka utamu? Nilikuwa nimefundishwa jibu zamani, kwamba wimbi likinyolewa linazaa sauti nyingine ndogo juu yake ambazo hazikuwepo. Nililijua kwa maneno. Sikuwahi kulistaajabia. Siku ile nilishuka chumba cha kufulia cha jengo la mtaa wa Lawrence, nikatengeneza mashine tatu huku nawaza kitu kimoja tu: kisanduku hakina cha kutoa, kinapunguza peke yake, na bado kinatoka kitu kipya. Mpaka leo sijachoka kuliwaza.

Ukachagua dayodi zile za kioo kutoka kwenye kopo nililokuja nalo kutoka Moshi, zilizotoka ndani ya redio kuukuu. Ulizipenda kwa sababu nilikwambia zinafunguka mapema na kwa upole, tofauti na hizi nyeusi za kawaida ambazo zinataka msukumo mara mbili na zinafunguka kwa ghafla. Ulisema unataka mbili tu, moja ikitazama huku na moja ikitazama kule, pamoja na kitufe cha kuzungusha ili uamue mwenyewe zifanye kazi kiasi gani. Mchoro wako ulikuwa sahihi. Niliukagua nikitafuta kosa, sikuliona.

Sasa nafika penyewe.

Jumamosi iliyofuata nililehemu peke yangu kwa sababu wewe ulikuwa zamu duka la dawa. Nilifanya kila kitu kama ulivyochora, ndani ya bati tupu la biskuti. Kisha nikajaribu kwa ile sauti uliyomrekodi mama yako akiimba jikoni huku anakoroga uji. Nikazungusha kitufe, na sauti ya mama yako ikakwaruza. Ilikuwa kidogo tu, pale anapopandisha. Lakini nywele zilinisimama. Miaka yote nimeishi kuhakikisha kitu kile hakitoki kwenye mikono yangu, na sasa kimetoka, tena kwenye sauti ya mke wangu. Nilikivumilia labda dakika tano.

Nikazing'oa dayodi za kioo. Nikajiambia najaribu tu nyeusi. Nikaweka mbili. Bado mkwaruzo ulikuwepo, mdogo zaidi. Nikaongeza mbili, nikazifuatanisha. Nikaongeza nyingine. Nilipoacha zilikuwa nane, nne zikitazama huku na nne kule, zimepangana foleni. Ndani ya chombo chako hakuna wimbi lenye nguvu ya kufungua milango minne iliyofuatana. Nililijua hilo wakati nalehemu ya tano. Sauti ya mama yako ikatoka safi kama ilivyoingia, nami nikapumua. Nikafunika bati.

Sikukaa chini nikapanga kukudanganya. Nataka uniamini hapo, ingawa sikulazimishi. Nilidhani nitakueleza ukirudi. Halafu ukaingia na theluji mabegani, ukaliona bati limefungwa, ukalikumbatia kabla hata hujavua viatu. Nikasema, "Tayari." Hilo neno moja ndilo lililonifunga.

Usiku ule uliliunganisha chumbani, ukatoka baada ya muda mrefu. Nayakumbuka maneno yako yote. "Baba, mbona sisikii difference? Nazungusha mpaka mwisho, hakuna kitu."

Nilikuwa na nafasi pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa, wewe ndiye uliyeufungua. Ningesema, lete tuangalie. Badala yake nikakwambia, tena kwa ile sauti yangu ya fundi mkuu ambayo mama yako haipendi, "Kipo, lakini ni kidogo sana. Hiki ni kitu cha sikio. Sikio lako bado changa, litakomaa."

Uliniamini. Kwa nini usiniamini? Mimi ndiye niliyekuwa naweka sikio kwenye spika na kutaja ugonjwa. Wiki tatu ukawa unasikiliza kila ukirudi kutoka shule, hedifoni kichwani, unazungusha kitufe kisichofanya lolote. Halafu siku moja ukaja hapa jikoni umechangamka ukasema, "Nadhani nasikia sasa, Baba. Kama joto hivi, chini." Manka, siku ile ndiyo inayoniuma kuliko zote. Hukuwa unadanganya. Ulikuwa umejifundisha kusikia kitu ambacho hakipo, kwa sababu baba yako alisema kipo. Nami nikatabasamu nikasema, "Umeona?"

Yaliyofuata sikuyasikia kwako, niliyasikia kwa mama yako, maana kwangu ulisema tu kwamba mahojiano yalikwenda hovyo. Kwamba walimu wa chuo walikuomba uwachezee kipande kimoja mara mbili, kikiwa kibichi na kikiwa kimepita kwenye bati, kisha uwaeleze bati limefanya nini. Ukawaeleza. Ukasema sauti za chini zimenenepa na za juu zimelainika. Wakasikiliza, wakatazamana. Mmoja akachukua vipande vyote viwili kwenye kompyuta, akaligeuza wimbi la kimoja juu chini, akavijumlisha, vikafutana. Kukabaki kimya, maana vilikuwa kitu kilekile. Hawakukucheka, mama yako amesema walikuwa wapole, walikushauri ukalizoeze sikio lako mwaka mmoja kisha urudi. Ukarudi nyumbani na mabasi mawili, ukamwambia mama yako, "I don't have the ears for this," kwamba huna masikio ya kazi hii. Wiki ileile ukaanza kutafuta habari za Sudbury.

Mimi nilijua. Kabla mama yako hajamaliza kusimulia, nilijua ni nini kilichofutana na kwa nini. Nikajifanya hamnazo. Nikaenda kutengeneza bawaba ya kabati ambayo haikuwa mbovu.

Miezi hiyo nilikuwa na visingizio vyangu, na vilikuwa vizuri. Muziki hauna kazi ya uhakika. Meno hayaishi, kila mtu anayo, na wasiokuwa nayo wana ya bandia. Ulionekana umetulia. Nilisema pengine Mungu amepitia kwenye kosa langu. Mtu akitaka kukaa na uongo wake hakosi godoro.

Jumapili iliyopita baada ya kanisa nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua mchicha. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama nimekuambia wewe. Nikasema bado. Akasema, "Basi umekosea mlango, Baba Manka. Mwenye masikio yuko chumbani kwake." Akabeba bakuli lake akaenda kwenye sinki. Tangu siku hiyo ananisemesha mambo ya lazima tu, na hakosei.

Ningeweza kuja kugonga mlango wako Jumapili ileile. Sikuja, nikafungua bati kwanza. Hiyo ndiyo hulka yangu, utanisamehe au usinisamehe: mtu akilia, mimi natafuta bisibisi. Lakini yaliyotokea wiki hii nataka kukueleza, kwa sababu hakuna mwingine ambaye atayaelewa.

Niling'oa zile nane. Nikarudisha mbili za kioo, kama mchoro wako. Nikachukua ile sauti ya mama yako na uji, nikaanza na kitufe kikiwa mwanzo kabisa, nikakisogeza kidogo kidogo. Safari hii nilijikataza kufumba macho, maana nikifumba macho nakuwa fundi na naanza kuwinda. Nilikaa tu kama mtu anayesikiliza jirani akiimba.

Robo ya mzunguko, hakuna nilichoweza kukitaja, isipokuwa mama yako alikuwa amesogea. Kana kwamba alikuwa amesimama kwenye jiko na sasa yuko mezani. Nikarudisha, akarudi kwenye jiko. Nikafanya hivyo mara nyingi kama mtoto anayewasha na kuzima taa. Nikagundua mwiko. Mwiko ukigonga sufuria kwenye ile sauti mbichi unachoma sikio, lakini ukipita kwenye bati unaviringika, unakuwa mgongano wa mti na chuma. Sauti zake ndogo, zile anazoimba kwa kunong'ona, hazikuguswa kabisa. Zilizonyolewa ni zile kubwa tu. Nikawaza, kama makubwa yamepungua na madogo yamebaki, basi umbali kati yao umepungua, na labda ndiyo sababu sikio linadhani mtu yuko karibu. Ni hivyo? Wewe ndiye uliyesoma haya mambo. Nilitamani sana kukuuliza, na nikakumbuka kwa nini siwezi.

Katikati ya mzunguko ule ukaja mkwaruzo ulionikimbiza Januari. Niliusubiri safari hii. Unatokea pale anapopandisha, kwenye neno moja tu, na unafanana na sauti yake alipokuwa na mafua wiki ya harusi yetu, alipokuwa akiniita toka nje ya dirisha la karakana na sauti inakatika. Nilikuwa nimeisahau ile sauti. Sikuwahi kuirekodi popote. Imekaa wapi miaka yote, na imetokaje kwenye bati lenye dayodi mbili? Nililia kidogo, sioni aibu kukwambia, na ugali ukaungua.

Nikiendelea mpaka mwisho sauti inaharibika kweli, inakuwa redio ya betri zilizokufa, hapo hata wewe usingependa. Au ungependa? Jumatano nikajaribu dayodi moja ya kioo na moja nyeusi, ili wimbi linyolewe zaidi upande mmoja. Ikatoka rangi nyingine kabisa. Alhamisi nikaweka ile transfoma ndogo ya intakomu, simu ya mlango wa jengo letu, uliyoiokota walipobomoa kibao chake chini, ile uliyotaka iingie kwenye kisanduku nami nikakukatalia nikasema ni takataka. Sauti za chini zikanenepa. Zilinenepa kama ulivyowaelezea wale walimu. Uliyowaambia yalikuwa sahihi, ulikuwa unaeleza kisanduku ulichokitaka tangu mwanzo. Sema mimi sikuwa nimekutengenezea hicho.

Nimejiuliza sana kwa nini niliogopa kiasi kile. Nimerudi nyuma mpaka siku zako za utotoni. Ulikuwa unaongea Kiswahili bila kukoma, umechanganya, umepindisha, unabuni maneno. Na mimi kila ukikosea nilikukatiza katikati ya sentensi nikakurekebisha. Nilidhani nakufundisha. Ukafika mahali ukaanza kunijibu kwa Kiingereza, ambacho ndani yake sikuweza kukurekebisha, na nikawalalamikia watu kanisani kwamba watoto wa huku wanaikataa lugha. Ni kosa lilelile. Nilikusafisha mpaka nikabaki bila sauti yako.

Nina ombi moja ambalo nadhani nina haki nalo, kwa kuwa nimelilipia kwa aibu. Huko uendako watu wenye ujuzi watakwambia husikii, huoni, bado hujakomaa. Wengine watakuwa na haki. Kabla hujawaamini, waombe wafungue mfuniko. Mtu mwenye ujuzi wa kweli hatakasirika. Ningekasirika mimi, Januari, na hasira ile ingekuambia kila kitu.

Kuhusu Sudbury sikushiki mkono. Kama meno umeyapenda, panda basi kesho, nami nitabeba begi lako kwa furaha na nitakuja na kinywa changu unisafishe meno ukifaulu. Kama unakwenda kwa sababu ulidhani huna sikio, basi sababu hiyo haipo. Ukitaka turudi kwa wale walimu, nitakwenda nawe na kuwaeleza mbele yako, kwa Kiingereza changu hichohicho, kwamba dayodi nane ziliwekwa na nani. Ukitaka niandike, nitaandika. Ukitaka nisiguse kitu, sitagusa. Na ukinikasirikia, una haki ya kukasirika kwa muda utakaoutaka.

Barua hii sitaichomeka kwenye begi lako ili uikute ukiwa umeshafika mbali na mimi niko salama huku. Nitakupa mkononi leo ukiingia, kabla hujala, wakati bado tunaishi nyumba moja na unaweza kunifuata kwa miguu.

Ukimaliza kuisoma, njoo jikoni. Nimeweka tayari vipande viwili vya mama yako, kimoja kibichi, kimoja kimepita kwenye bati. Vyote nimevisawazisha ukubwa wa sauti ili usisaidiwe na chochote, na nimemwomba mama yako, akirudi, avichanganye mpangilio ili hata mimi nisijue kipi ni kipi. Hedifoni ni zako. Mimi nitakaa kiti cha upande wa pili na sitasema neno. Wewe utaniambia unachosikia, na nitakuamini.

Baba yako